Kabla hujalipia vijiti vya samaki, geuza paketi

Wiki iliyopita mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi hapa Moshi, aliingia dukani na kontena la plastiki, akalifungua juu ya kaunta. "Mwanangu, hebu nionyeshe samaki yuko wapi hapa." Ndani mlikuwa na vijiti vya samaki, hivi ambavyo watoto wanaviita fishifinga, alivyonunua supamaketi na kuvikaanga jana yake. Nilikata kimoja katikati. Nje ganda nene la rangi ya chungwa, ndani kitu cheupe, laini, kama uji mzito uliopoa. Nyama ya samaki aliyeiva hubanduka mapande mapande ukiigusa na uma, lakini hii ilipondeka tu. Wajukuu zake walikuwa wamemenya ganda wakala, kilichobaki wakakisukuma pembeni ya sahani.

Paketi ile haikutoka kwetu, lakini swali lake linatuhusu, kwa sababu sisi pia tunauza vijiti vya samaki na tunataka unayevinunua ujue unacholipia.

Kiwandani, minofu ya samaki hubanwa na kugandishwa ikawa tofali moja kubwa. Tofali linakatwa kwa msumeno, vijiti vinachovywa kwenye uji wa unga, vinaviringishwa kwenye chenga za mkate, vinapita kwenye mafuta ya moto kwa muda mfupi ganda lishike, kisha vinagandishwa. Marekani vilianza kupata soko mwaka 1953, Uingereza vikaingia madukani mwaka 1955. Samaki wenyewe mara nyingi ni wa bahari za baridi, ndiyo maana kwenye paketi unakuta majina kama Alaska pollock, cod au hake badala ya sangara na sato.

Tofauti yote inaanzia kwenye lile tofali. Lipo la minofu mizima, na lipo la samaki wa kusagwa: vipande vilivyobaki wakati wa kusafisha minofu na nyama iliyokwanguliwa kwenye mifupa, vyote vikapitishwa mashineni. Samaki wa kusagwa si sumu na si haramu kumuuza. Ila ni bidhaa nyingine, na haifai kulipiwa bei ya mnofu. Paketi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo geuza nyuma utafute neno fillet, yaani mnofu. Ukikuta minced, basi ni wa kusagwa. Picha ya mbele isikusumbue, picha zote ni nzuri.

Ukiwa bado upande wa nyuma, soma orodha ya viambato. Huanza na kilicho kingi kwa uzito na kumalizia na kilicho kidogo. Kama kinachotangulia ni unga wa ngano au maji, na samaki anafuata nyuma, mimi binafsi ningeirudisha. Halafu tafuta asilimia ya samaki, kisha piga hesabu. Tuseme kuna paketi ya gramu 300 yenye samaki asilimia 60, na jirani yake ni kubwa, ya gramu 400, yenye asilimia 45. Zote mbili zina gramu 180 za samaki. Gramu 100 unazoziona kama nyongeza kwenye ile kubwa ni ganda tupu. Wateja wengi huchukua paketi kubwa wakiamini wameokoa hela, na inaniuma, maana wengi wao ni wazazi wanaobana matumizi ili mtoto apate samaki. Kama nyumbani kuna mtu anayedhurika na ngano, maziwa au mayai, orodha hiyohiyo ndiyo ya kusoma kwa makini zaidi.

Jambo la pili ni baridi, na kwa huku kwetu naliona kubwa kuliko yote. Vijiti vinatakiwa vikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri tangu kiwandani mpaka kwako. Safari ni ndefu, na umeme unakatika. Paketi ikiyeyuka kisha ikaganda tena, haitakuambia kwa maneno, lakini mkono utajua. Itikise: vijiti vizima vinagongana, vinalia kama vipande vya kuni kavu. Visipolia, vimeshikana kuwa bonge moja. Bonyeza pembe za boksi uone kama zililowa zikakauka zikiwa zimejikunja. Ukihisi barafu imejaa ndani, au ukaona madoa meupe yaliyokauka kwenye kijiti, iache. Na kwenye friza la wazi usichukue paketi zilizopangwa kupita ule mstari uliochorwa ndani ukutani, kwa sababu juu ya mstari huo baridi haitoshi.

Sisi wenyewe tuliwahi kukuta friza limezima usiku kucha. Tulitupa kila kilicholainika. Iliuma, lakini tangu siku hiyo kipimajoto kinakaa ndani ya kila friza, na ukitaka kukiona, uliza tu, tutakufungulia.

Kama unatoka mjini kwenda Marangu au Rombo, nunua vitu vya friza mwishoni kabisa, funga kwa magazeti mazito au uje na boksi lenye barafu. Paketi ikifika imelainika, pika yote siku hiyo, usiirudishe kwenye friza.

Kupika: usiviyeyushe kwanza. Vitoe kwenye friza viingie moja kwa moja kwenye mafuta yenye moto wa wastani, vichache kwa mara moja, la sivyo mafuta yanapoa na ganda linanyonya. Rangi ya dhahabu isikudanganye, ganda lilishakaangwa kiwandani. Pasua kimoja uone katikati kumeiva na kunatoa mvuke.

Na kwa asiyepata paketi ya kumridhisha, tuna minofu ya sangara kutoka Mwanza. Mnofu wake ni mnene, unakatika vijiti vizuri. Ukipewa chumvi, ndimu na pilipili manga, ukachovywa kwenye yai lililopigwa na kuviringishwa kwenye mkate mkavu uliosagwa, watoto hawaulizi boksi liko wapi. Yule mama aliondoka na kilo moja. Tukamkatia vijiti palepale, unene wa kidole gumba, na kukata huko hatutozi hela, kwake wala kwako. Sema tu unavitaka vya ukubwa gani.