Abdias do Nascimento hakuwa mpita njia bungeni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoitoa hivi karibuni kuhusu wajumbe wa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Juni 1974. Mwandishi wenu alimtaja Abdias do Nascimento wa Brazil kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa msanii wa jukwaani ambaye baadaye alipitapita bungeni bila kuacha sheria ya maana. Kuhusu usanii sina ubishi. Ni hilo la pili lililonifanya nishike kalamu.

Abdias alizaliwa Machi 14, 1914 katika mji wa Franca, jimbo la São Paulo, miaka 26 tu baada ya Brazil kufuta utumwa. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alipika vitu vitamu vya kuuza. Alipofungwa chini ya utawala wa Getúlio Vargas, aliunda kikundi cha maigizo humo humo gerezani, na mwaka 1944 akaanzisha mjini Rio de Janeiro kundi la maigizo la watu weusi, Teatro Experimental do Negro, katika zama ambazo mhusika mweusi mara nyingi aliigizwa na mzungu aliyejipaka masizi usoni. Mwaka 1968 alikwenda Marekani, na kwa kuwa utawala wa kijeshi ulikuwa umekaza kamba huko kwao, akabaki uhamishoni hadi 1981, akifundisha chuo kikuu mjini Buffalo. Ni katika miaka hiyo alipofika Dar es Salaam.

Aliingia Baraza la Wawakilishi la Brazil mwaka 1983 kwa tiketi ya PDT, chama cha upinzani cha mwanasiasa Leonel Brizola. Majenerali walikuwa bado madarakani, na simulizi rasmi ya dola ilikuwa kwamba Brazil haina ubaguzi wa rangi kwa sababu watu wake wamechanganya damu. Katika hali hiyo yeye akawasilisha Mswada namba 1332, uliotaka utumishi wa umma utenge asilimia 20 ya nafasi kwa wanaume weusi na asilimia 20 nyingine kwa wanawake weusi, wanafunzi weusi wapewe ufadhili wa masomo, na shule zifundishe historia ya Afrika na ya Waafrika waliopelekwa Brazil. Angalia jinsi wanawake walivyotengewa fungu lao wenyewe, wasiachwe wagombanie makombo na waume zao. Alitaka pia Novemba 20, siku aliyouawa Zumbi, kiongozi wa watumwa waliotoroka na kujijengea makazi ya Palmares, iwe siku ya kitaifa. Mswada haukupitishwa, ukaishia kabatini.

Baadaye aliingia Seneti akiwa mbadala wa seneta Darcy Ribeiro, kwanza mwaka 1991, kisha kuanzia 1997 Ribeiro alipofariki, hadi 1999. Kila seneta wa Brazil huchaguliwa pamoja na wawili wa akiba, utaratibu ambao binafsi siupendi, ingawa safari hiyo ulileta heri. Huko alizoea kuanza hotuba zake kwa kuomba ulinzi wa Olorum, Mungu Mkuu wa Wayoruba, mbele ya maseneta wa nchi ambayo polisi wake waliwahi kuvamia nyumba za ibada za watu weusi na kubeba ngoma zao. Na mwaka 1997 aliurudisha mpango wake kwa mswada mpya, akiwa na umri wa miaka 83.

Sasa tutazame kilichofuata. Mwaka 2003 sheria iliamuru shule zifundishe historia na utamaduni wa Wabrazil wenye asili ya Afrika, pamoja na historia ya Afrika yenyewe. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kwa kauli moja kwamba kutenga nafasi za vyuo vikuu kwa watu weusi hakukiuki katiba, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kutenga nafasi hizo katika vyuo vya serikali kuu. Mwaka 2014 ikafuata ya ajira za serikali kuu. Desemba 2023 Novemba 20 ikatangazwa sikukuu ya taifa zima. Sidai kwamba haya yote ni kazi ya mtu mmoja, kwani vyama vya watu weusi vilipigania kila hatua barabarani na mahakamani. Lakini ukiuweka mswada wa 1983 kando ya sheria hizo, utaona mwandishi wenu alihesabu kura za siku moja akadhani amepima kazi ya ubunge.

Abdias alifariki Mei 23, 2011, kabla ya uamuzi wa mahakama, na majivu yake yalipelekwa Serra da Barriga, mlima wa Palmares. Mwaka 2025 Brazil ilipandisha mgao wa ajira za serikali kuu kutoka asilimia 20 hadi 30, safari hii ukijumuisha pia wenyeji wa asili na jamii zilizotokana na makazi ya watumwa waliotoroka. Yeye alikuwa ameomba 40.

Msomaji wako,
Morogoro