Kikao cha wazazi wa Kidato cha Nne, Jumamosi

Habari za jioni wazazi na walezi, poleni na majukumu.

Kikao ni Jumamosi saa 3:00 asubuhi, bwaloni.

1. Matokeo ya moko (mtihani wa majaribio). Kila mzazi atapewa karatasi za mwanawe. Hesabu bado inatusumbua, ingawa jana saa nne usiku niliwakuta wengine barazani wakikokotoa maswali bila kuambiwa na mtu. Wanastahili tuwashike mkono hadi mtihani wa taifa Novemba.

2. Chakula cha kambi: mahindi kilo 10, maharage kilo 5, mwisho Ijumaa. Uliyekwama nipigie, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.

Tafadhali andika hapa "Nitakuja" na jina la mtoto kabla ya Alhamisi jioni.

Mkuu wa Shule