Mpwa wangu, usilikate jalada

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Ujumbe wako niliupata usiku, nikakaa nao siku mbili kabla ya kukujibu. Uliniomba nifungue sanduku la bati la babu yako, nitafute jarida la kila wiki la Weekly Review la Agosti 1982, lenye habari za jaribio la kuipindua serikali ya Kenya, nilikate jalada lake na kukutumia kwa basi, ili ulitie fremu na kumpa kaka yako siku yake ya kuzaliwa.

Zawadi nitakupa, ila siyo hiyo. Na barua hii naiweka hadharani kwa sababu sanduku kama letu limo katika nyumba nyingi, na wenyewe ama wanawaza kukata picha, ama wameshaitana na mnunuzi apime kwa kilo.

Wewe ulimjua babu yako akiwa mzee wa barazani. Mimi nilimjua akiwa karani wa bandarini, anayerudi na jarida limekunjwa kwapani. Hilary Ng'weno alilianzisha Februari 1975. Mwezi uliofuata mbunge J.M. Kariuki akauawa, mwili wake ukapatikana Ngong, na babu yako tangu hapo hakutaka toleo limpite. Alisoma Ijumaa jioni, akasoma tena Jumapili, kisha likaingia sandukuni. Sisi watoto tuliruhusiwa kufungia vitabu vya shule kwa magazeti ya kila siku, lakini siyo kwa hilo. Ndugu yangu mmoja aliwahi kuchana kurasa mbili akafungia maembe. Sitasahau ukimya uliotanda nyumba nzima.

Sasa nikwambie kwa nini silikati jalada.

Kaka yako alizaliwa Jumamosi tarehe 31 Julai 1982. Jana yake babu yako alikuwa amekwenda kumwona mama yako hospitalini, amebeba chupa ya uji na toleo la Ijumaa ile, tarehe 30. Alilisoma amekaa kwenye benchi la ukumbini akisubiri, akaliacha kwenye kabati la kitanda cha mama yako. Jumapili alfajiri redio ya muuguzi ikawa inapiga muziki wa kijeshi, halafu ikaja sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo wa Frere Town hapa kwetu, aliyetolewa kwake na wanajeshi akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Mama yako ana mtoto wa siku moja mikononi, hajui kama atarudi nyumbani. Na pale kabatini lipo jarida la juzi, limejaa siasa, biashara na matangazo, wala halina habari kwamba kuna jambo lolote linakuja.

Hilo ndilo toleo la kumpa kaka yako.

Toleo la baada ya tukio lina thamani yake, sikatai. Lakini tukio kubwa kila mtu humwekea mtoto wake. Alipofariki Mzee Kenyatta tarehe 22 Agosti 1978, watu walinunua kila kilichochapishwa wakakifungia kabatini. Ulipolipuliwa ubalozi wa Marekani Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ikawa vivyo hivyo. Ndiyo maana hayo bado utayakuta kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. Wiki ya kawaida hakuna aliyeiweka. Ilifungiwa karanga, ikatandikwa chini ya godoro, ikawashia jiko. Ukitafuta wiki ambayo hakukufa mtu mkubwa wala hakukuchaguliwa mtu, utazunguka sana.

Na usilikate kwa sababu jalada ni uso tu. Mtu akipewa jarida zima huanza na jalada, kisha dakika kumi baadaye yuko kwenye matangazo. Hapo ndipo anapokutana na benki zilizokwisha kufa, nambari za simu fupi, magari ambayo baba yake aliyatamani. Barua za wasomaji nazipenda kuliko tahariri zenyewe. Ukining'iniza jalada ukutani, vyote hivyo umevitupa, na jua la dirishani litamalizia kazi.

Kuna jingine nililigundua nilipolipekua sanduku juzi. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa unga, nimekuta matoleo mawili ya jarida la sheria la Nairobi Law Monthly. Lilipigwa marufuku mwaka 1990, na siku zile kukutwa na chapisho lililopigwa marufuku lilikuwa kosa la jinai. Beyond, jarida la makanisa, lilikuwa limefungwa miaka miwili nyuma baada ya kuandika juu ya uchaguzi wa mlolongo, ule wa wapiga kura kupanga foleni nyuma ya mgombea wao. Watu walichoma nakala zao usiku. Babu yako, mtu wa kukwepa mashari maisha yake yote, alizificha kwenye mfuko wa unga na hakumwambia yeyote, hata mimi. Weekly Review yenyewe ilidumu hadi 1999, na wapo wanaoilaumu kwamba miaka ya Rais Moi ilitembea kwa tahadhari mno. Ni lawama ya haki kiasi. Lakini yaweke hayo mawili kando ya Weekly Review za mwaka uleule, uone nani alisema nini na nani alinyamaza wapi. Hakuna kitabu cha shule kitakachokuonyesha hivyo. Hayo simpi mtu, hata wewe. Utayasoma hapa hapa barazani.

Nikirudi kwenye zawadi. Kurasa zimegeuka manjano, usishtuke. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, na kilichobaki cha mti ndani yake kikipata mwanga na hewa hubadilika rangi na kuifanya ivunjike. Kwa hiyo jua lisilifikie. Selotepu usiitie popote, baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilotoka. Usilipige laminesheni. Pini za katikati zimeanza kutu kwa unyevu wa huku pwani. Nitazitoa mwenyewe taratibu na kulishona kwa uzi wa pamba. Lilale bapa ndani ya boksi la karatasi isiyo na asidi, siyo kwenye nailoni iliyobana, na boksi lisikae chini kwa ajili ya mchwa. Jina na salamu ziandike kwenye kadi ya pembeni. Kwenye jarida lenyewe usiandike chochote, hata kwa penseli.

Kwa basi silitumi. Nitapanda treni nije nalo mkononi, na ningependa mama yako awepo kaka yako akilifungua, kwa sababu yapo ya Jumapili ile ambayo hajawahi kumsimulia.

Ukurasa wa nyuma utaona alama ya mviringo, kama ya kitako cha kikombe. Usijaribu kuifuta. Ni chupa ya uji.

Mjomba wako