Bango la utafiti lisomwe mwaloni kabla halijachapishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maonyesho ya utafiti wa wanafunzi. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja wilayani Ilemela, na maonyesho haya nayapenda kwa moyo wote. Ndiyo maana namna tunavyoyaandaa inaniuma.

Likizo ya Juni wanafunzi wangu wanne wa kidato cha tatu walichunguza uanikaji wa dagaa katika mwalo wa Igombe, ufukwe wa Ziwa Victoria wanakopokelewa samaki. Kila alfajiri walinunua ndoo ya dagaa wabichi, nusu wakaanika mchangani, nusu juu ya kichanja cha wavu. Walipima uzito kila saa, wakaandika na bei ya siku. Matokeo yalikuwa mazuri: wa kichanjani walitangulia kukauka, maana hewa inapita juu na chini yao. Tukatengeneza bango kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, tukalipeleka steshenari likachapwa kwa rangi.

Jumamosi, siku mbili kabla ya maonyesho, tulilipeleka Igombe kuwashukuru waanikaji. Bibi mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake alijifuta mikono kwenye kanga, akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye grafu ya bei, pale mstari ulipopanda ghafla.

"Wajukuu zangu, huu mlima ni wa nini?"

Wakamweleza kwamba siku hizo bei ilipanda kwa sababu ya upepo mkali ziwani. Ndivyo tulivyoandika, nami nilipitisha. Bibi akauliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Hapo ilikuwa mbalamwezi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu. Upepo gani?"

Wasomaji wa kanda ya ziwa wanajua alichosema. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola. Taa huwavuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwani kote, taa inakosa nguvu, wavuvi wanapumzika siku kadhaa, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Tulipofungua kalenda, kilele cha grafu kilikaa juu ya mwezi mpevu kabisa. Tarehe tulikuwa nazo, bei tulikuwa nazo. Mwezi hatukuuandika.

Fedha ya kuchapisha mara ya pili hatukuwa nayo. Msichana mmoja wa kundi lile alikata karatasi nyeupe, akaandika maelezo mapya kwa mkono, kwa Kiswahili, akayabandika kwa gundi juu ya neno "upepo". Siku ya maonyesho mmoja wa waamuzi alilipunguzia bango letu alama za unadhifu kwa sababu ya kibandiko kile.

Msichana yule aliniuliza kama ingekuwa heri kuacha kosa lililochapwa vizuri. Pale pale nilikosa maneno. Namjibu hapa, mbele ya wasomaji wako: hapana, mwanangu. Kile kibandiko ndicho kilichokuwa utafiti. Ulikwenda kwa mtu anayejua, ukasikia umekosea, ukasahihisha hadharani, ukaonyesha na mahali ulipokosea. Aliyekupunguzia alama alipaswa kukuongezea.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji na walimu wenzangu tubadilishe utaratibu. Kwanza bango lichorwe kwa penseli kwenye karatasi ya manila, lipelekwe kule utafiti ulikofanyika: mwaloni, shambani, sokoni, kisimani. Wenyeji walisome au wasomewe, wahoji. Bila wiki mbili kati ya siku hiyo na siku ya kuchapisha, hakuna masahihisho ya maana yatakayofanyika. Waamuzi nao waombe kuona rasimu ya kwanza na waulize kilichobadilika na kwa nini. Bango lisilo na hata mstari mmoja uliofutwa, mimi binafsi nalitilia shaka.

Na liandikwe Kiswahili. Jina la kisayansi la dagaa, Rastrineobola argentea, libaki kwa herufi za mlazo, halina ubaya. Lakini aliyetuuzia dagaa wake tumnyime nafasi ya kusoma habari zao kwa lugha yake mwenyewe? Siliafiki hilo.

Kuna jingine tulilolipata Igombe siku ile. Mama mmoja alituambia wanunuzi wanachokilalamikia kuliko vyote ni mchanga, tukaongeza glasi mbili za maji kwenye meza yetu ya maonyesho. Katika moja tulitia dagaa wa mchangani, katika nyingine wa kichanjani, tukakoroga, tukaacha zitulie. Watu waliopita grafu zetu bila kugeuka walisimama hapo. Baba mmoja aliinua glasi kuelekea dirishani, akaona mchanga umefunika kitako chote, akaita wenzake. Kisha akauliza swali ambalo bango zima halikuwa na jibu lake: kichanja kinajengwaje, nguzo ziwe na urefu gani, wavu unadumu misimu mingapi?

Hatukujua. Likizo ijayo wanafunzi wanarudi Igombe kuwauliza wanaovijenga. Daftari jipya wameshalipiga mistari. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni mwezi.

Mwalimu wa Biolojia,
Ilemela, Mwanza