Shukrani kwa Mama wa Kitenge cha Kijani

Mimi ni mtendaji wa mtaa, mwajiriwa wa halmashauri na si mwanasiasa, ingawa mikutanoni wengi hunihesabu upande mmoja na mwenyekiti, ambaye huchaguliwa kwa kura kila baada ya miaka 5. Kwa sababu hiyo napenda kumshukuru hadharani mama mmoja, ambaye sikubahatika kulijua jina lake, aliyesimama nilipokuwa nikisoma taarifa ya mapato na matumizi, sauti yangu ikiwa imemezwa na kelele na matusi, akasema: "Jamani, mwacheni amalize kusoma, halafu tumbane kwa maswali." Watu wakatulia. Naye alinibana kwelikweli: aliomba kuona stakabadhi za ada ya taka, akapinga waziwazi pendekezo la kuipandisha, na muda wote aliniita "mwanangu mtendaji". (Hoja yake, kwa maoni yangu, bado haijajibiwa ipasavyo.) Mama, pokea shukrani zangu za dhati, nakala za stakabadhi ulizoziomba zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi, na pingamizi lako limeandikwa katika muhtasari wa mkutano kama ulivyolitamka.