Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Ile Raleigh

Wanachama, hamjambo. Mambo ya pesa mhazini atasoma mwenyewe kwa mkutano, mimi sirudii, na wenye deni wanajijua. Safari ya Ahero ilienda poa juu Kano ni tambarare, ya Kiboswa wengine mlisukuma, tuyaache hapo.

Nataka niongee kuhusu ile Raleigh ya chama, ile baiskeli ya zamani, kwa sababu ndiyo imetukula mwaka mzima na ndiyo imeleta kelele. Tuliinunua rimu zimeliwa na kutu lakini fremu iko ngumu, hizo za Nottingham zilikuwa chuma kweli. Wazee wakataka irudi vile ilitoka kiwandani, vijana wakataka kitu ya kupanda mlima na kusimama kwa mvua. Kamati ikaamua hivi: weka kipya chochote mradi kikitolewa kesho fremu iko vile ilikuwa, hakuna kuchomelea, hakuna gurainda.

Basi shida ikaanza. Rimu ya zamani kipenyo ni milimita 635, ya kisasa tuliyoweka ni 622, maana yake breki inafaa ifike chini karibu milimita 7 zaidi, na breki fupi za dukani hazifiki, ilibidi tutafute za mikono mirefu. Na ile rimu ya zamani huwezi kuifungia breki ya kubana kando, yake inashikwa kutoka ndani na zile fito za chuma. Mimi nasema wazi, mvua ikinyesha rimu ya alumini inashika, ya kromu inateleza tu.

Kwa krenki, ile mikono ya pedeli, Raleigh walikuwa na thiredi yao wenyewe, mistari 26 kwa inchi, na wengine wengi 24, kwa hivyo vikombe vipya vya kushika gololi haviingii hata ukilazimisha na spana ya babu yako. Tukaacha vya zamani, tukabadilisha gololi na grisi. Krenki za pini zikabaki pia. Mliokuwepo mliona fundi akiweka kipande cha paipu chini ya krenki, akaacha nati ifike sawa na mwisho wa pini, akapiga nyundo moja tu ya nguvu ikatoka, ukigongagonga kwa uoga kichwa kinapinda na hapo umeumia.

Gia tumeweka Sturmey-Archer ya spidi tatu, inayokaa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, ile muundo wa 1936, na bado inatengenezwa, siku hizi Taiwan. Gia nyepesi inapunguza robo nzima. Ya cheni ya kurukaruka ingetaka fremu ipanuliwe nyuma, hiyo tulikataa.

Vitu vya zamani viko kwa kartoni stoo, fito, rimu, kiti, vyote vimeandikwa, na mtu asiguse hata nati, kuna mwenye ashauliza bei. Mkutano ujao tupange zamu ya kuiendesha, maana hata wale walilia tunaiharibu sasa wameomba Jumapili.