Waulizeni pia habari za kibofu

Mhariri,

Kila inapotoka habari ya watafiti wanaotumia umeme kuwasaidia waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo, picha huwa ya mtu aliyesimama. Nami hufurahi kumwona. Ila kwa kuwa kazi yangu ni kuwauguza walioumia uti wa mgongo, nawaomba waandishi wenu waulize na hili: je, mkojo anautoaje?

Walioumia wenyewe wameshasema. Mwaka 2004, mtafiti Kim Anderson wa Marekani alichapisha majibu ya watu 681 walioumia hivyo. Waliopooza miguu tu na waliopooza hadi mikono walikubaliana kwamba kibofu na utumbo ni miongoni mwa mambo wanayotaka sana yarejee. Si suala la aibu tu. Kibofu kilichokatiwa mawasiliano na ubongo mara nyingi hujikaza huku msuli wa mlango wake nao umebana. Shinikizo likipanda, mkojo hurudi juu na kuharibu figo, na zamani figo ndizo zilizowaua wengi wao.

Umeme wa kibofu si jambo la jana. Tangu miaka ya 1970, mwanasayansi Giles Brindley wa Uingereza alipandikiza kifaa kinachosisimua mizizi ya neva za chini kabisa ya mgongo. Mgonjwa huweka kipitisha mawimbi juu ya ngozi, akakiwasha. Umeme huo hukaza kibofu na mlango wake kwa pamoja, jambo ambalo lingeonekana kushinda kusudi lenyewe. Lakini msuli wa mlango hulegea upesi, kibofu hulegea taratibu, kwa hiyo umeme ukitolewa kwa vipindi vifupi mkojo huruka kwa mikupuo kila unapotulia. Naona ni ugunduzi wa ajabu, na wasomaji wengi hawajawahi kuusikia.

Una gharama yake, nayo isifichwe. Kwa kawaida madaktari hukata mizizi ya nyuma ya neva hizo ili kibofu kisijikaze ovyo. Hapo mwanamume hupoteza kusimama kwa uume kunakotokana na mguso, na mwenye hisia kidogo zilizosalia huko chini, mwanamume au mwanamke, huzipoteza pia. Kukata huko hakurudishwi, kwa hiyo mtu aelezwe yote kabla ya kutia saini. Tena kifaa hakimfai ambaye neva zenyewe za kibofu zimekufa.

Ndiyo maana nafuatilia njia zisizokata kitu. Mwaka 2018, kundi la watafiti la Daniel Lu huko Los Angeles, Marekani, lilieleza jinsi sumaku iliyowekwa juu ya kiuno ilivyowasaidia wanaume 5 kukojoa kwa hiari yao. Ni wachache mno kujengea ahadi, lakini wanatosha kudai utafiti zaidi.

Basi mtafiti mwingine akija na video ya hatua kumi, mwandishi wenu amuulize: huyu bado anaingiza mpira wa mkojo mara ngapi kwa siku? Shinikizo la kibofu lilipimwa? Na tendo la ndoa je?

Muuguzi